Tusiache mbacha wetu kwa msala upitao

Wazee wetu walipotuusia kwamba tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, hawakuwa na habari ya mapambo ya nyumba. Walikuwa wakitufunza kukithamini kilicho mkononi, japo kikuukuu, kuliko kile kinachopita njiani ambacho hatujui kitatua kwa nani. Lakini katika zama hizi usia ule umeturudia kwa maana yake ya juujuu kabisa. Mbacha ni mbacha, ukindu uliosukwa kwa mkono wa mtu. Na msala upitao ni zulia la plastiki lililoshushwa Kilindini, lenye maua ya rangi ambazo hakuna ua duniani lililowahi kuzitoa.

Mtu akifungua majarida ya Ulaya na Marekani yanayohusu nyumba, ataona jambo la kuchekesha, na pengine la kuliza. Matajiri wa huko wamechoshwa na vioo, chuma na plastiki. Sasa wanatafuta kuta zilizopakwa chokaa kwa mkono, sakafu za udongo ulioshindiliwa, mbao zinazoonyesha mishipa yake, mablanketi ya sufu, vikapu vya majani na vyungu vya kufinyangwa. Nyumba ya namna hiyo, wao husema, ndiyo ya kisasa, nayo ina joto la utu. Huwalipa mafundi fedha nyingi ili wawatengenezee. Na sisi tuliozaliwa ndani ya vitu hivyo tunavitupa jaani, kisha twaenda kukopa ili tununue vile walivyovichoka wao.

Juu ya jambo hili nataka tuzungumze leo. Msomaji wa pwani atadhani kwamba mfano wangu wa kwanza nitautoa Lamu au Unguja. Huko nitafika, inshallah. Lakini kwanza nitampandisha bara, mpaka kwenye baridi, kwa sababu aghalabu mtu huyaona ya kwao vizuri zaidi akiyatazama kutoka kwa wenziwe.

JINA TULILOLIJUA KWA MSIBA

Sachangwan ni mahali padogo kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa na kabla ya kufika Mau Summit, upande wa Molo. Wengi wetu tulilisikia jina hili tarehe 31 Januari 2009, siku lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukalipuka ukawaua zaidi ya watu mia moja. Tangu siku ile, masikioni mwa msomaji wa magazeti Sachangwan limekuwa jina la moto.

Na ajabu yake ni kwamba mahali penyewe ni pa baridi. Pako juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000. Ukungu hushuka asubuhi ukalala juu ya mashamba ya viazi na njegere. Mvua ya mawe si kitu cha kusimuliwa. Malori yapandayo mlima huo huguna usiku kucha, na wachuuzi wa kando ya barabara hujifunika mablanketi kama wagonjwa wa homa. Mtu wa Mombasa akilala huko mwezi wa Julai bila ya kujitayarisha, ataamka na kusali alfajiri meno yakigongana.

Mimi nililala huko katika mwezi huo, katika boma la mzee mmoja mkulima. Boma lile lina nyumba mbili. Ya kwanza ni ya zamani, ya mbao na mabanzi, imeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Ndani kuna jiko la kuni lililozungushiwa udongo, viti vya mbao vilivyopigwa msasa na makalio ya watu wa miaka mingi, na vibuyu vya maziwa ya mursik vilivyotundikwa ukutani. Ya pili ni mpya, aliyojenga mwanawe anayefanya kazi mjini. Ina kuta za mawe zilizopigwa lipu ya saruji, madirisha makubwa ya vioo, sakafu ya vigae ving'aavyo kama maji, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, na makochi mapana ya sponji.

Kwa heshima ya mgeni nililazwa katika ile nyumba mpya. Lakini nilipotoka kutafuta mtu wa kuzungumza naye baada ya magharibi, sebule ilikuwa tupu. Mzee, mkewe, wajukuu, na hata huyo mwana aliyejenga, ambaye alikuwa amekuja likizo, wote walikuwa wamebanana katika nyumba ya zamani wakiota moto na kumenya viazi. Nikamwuliza mzee, "Mbona hamkai kule?" Akanijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Ile nyumba ni ya kuonyesha watu. Hii ndiyo ya kukaa."

Neno hilo halijaniacha. Nyumba ya kuonyesha watu, na nyumba ya kukaa. Ni nani aliyetufunza kwamba hizo ni nyumba mbili?

BARIDI ILIYONUNULIWA KWA FEDHA

Tuyatazame mambo kama fundi, si kama mpita njia. Kwa nini ile nyumba ya gharama ilikuwa baridi kuliko ya mabanzi?

Kigae na mbao vikilala chumba kimoja usiku mmoja huwa na baridi moja. Lakini ukiviweka chini ya unyayo, kigae hulinyonya joto la mguu upesi, na mbao hulinyonya polepole. Ndiyo maana kigae hupendeza mguuni Mombasa na kuudhi mguuni Sachangwan. Kioo kipana nacho huingiza jua mchana, na likishachwa hutoa joto lile lile nje kama mfuko uliotoboka. Bati huwa baya zaidi. Usiku wa mbingu safi hupoa kuliko hewa yenyewe, mvuke wa pumzi za watu ukapanda na kugeuka maji, na asubuhi huwadondokea waliolala wakadhani mvua imenyesha. Watu wa huko husema bati linatoka jasho.

Mbao, udongo, sufu na chokaa zina tabia nyingine. Mbao na sufu zina vijumba vidogo vidogo vya hewa ndani yake, na hewa iliyotulia huzuia joto kukimbia. Udongo mnene hulipokea joto la jua au la moto mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku. Chokaa, udongo na sufu hunywa unyevu hewa inapokuwa nzito, na kuurudisha inapokauka. Hizi si siri za waganga, na wahandisi huzipima kwa vyombo. Lakini bibi aliyekandika ukuta wake kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe alizijua kabla hajazaliwa mhandisi huyo.

Na nchi ile ya Nakuru haikunyimwa vifaa. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na mawe yake huchongwa machimboni kwa rangi za kijivu na za manjano zinazopendeza bila ya kupakwa kitu. Milimani kuna ule mti wa harufu ambao Wakikuyu huuita mutarakwa na Wakalenjin tarakwet. Mchwa hauwezi, na ndiyo maana nguzo zake za ua huishi kuliko aliyezisimamisha. Kuna saipresi za kupandwa, kuna mianzi ya Mau, na kuna kondoo wa Molo. Huko Njoro, tangu 1998, wanawake wa Kenana Knitters husokota sufu ya kondoo kwa mkono na kuifuma. Hata dawa ya wadudu wa nyumbani ni ua limealo huko huko, pareto, ambalo kwalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu mzima.

Hapa nataka kumchekesha msomaji kidogo kwa lugha yake. Sisi wa pwani tuna sufi, pamba laini ya msufi tunayoijaza katika mito na magodoro. Wao wana sufu, manyoya ya kondoo. Maneno haya yametoka tumbo moja la Kiarabu, na kwetu yametenganishwa na irabu moja tu. Sufi humfaa aliye kwenye joto, sufu humfaa aliye kwenye baridi. Na wote wawili, mtu wa pwani na mtu wa bara, wameviacha na kununua sponji itokayo kwenye mafuta ya petroli.

Kuhusu sponji hiyo nitasema jambo moja, nami nalisema kwa taadhima nikikumbuka ni wapi ninapopazungumzia. Sponji ya makochi hushika moto kwa haraka na moshi wake ni sumu. Sufu hushika kwa shida, na mara nyingi hujizimikia yenyewe. Katika nyumba ya mbao yenye taa ya mafuta na watoto wadogo, tofauti hiyo si ya urembo. Watu wa Sachangwan hawahitaji mgeni wa kuwaeleza moto ni kitu gani. Lakini wanahitaji, kama sisi sote, mwenye duka awaambie kochi wanalolinunua limejazwa nini.

TURUDI KWETU

Sasa tushuke pwani. Nyumba ya mawe ya Lamu, kama zile za karne ya 18 ambazo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora katika kitabu chake cha 1975, haikuwa na kitu kilichotoka mbali isipokuwa sahani za kaure zilizopangwa katika zidaka. Kuta zake ni matumbawe, unene wake kama nusu mita. Lipu yake ni chokaa iliyochomwa pale pale. Dari yake ni boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kupindukia, vyumba navyo vikawa vyembamba, vya mita tatu au pungufu, vimepangana kimoja nyuma ya kingine: daka, kiwanda, misana, mpaka ndani kabisa penye faragha ya wenyewe. Msitu wa mikoko ndio uliokuwa na kipimo, na fundi alikifuata.

Wala kipimo hicho hakikuishia kwetu. Majahazi ya kaskazi na kusi yalizipeleka boriti zetu Omani, Bahreni na Kuwait, na huko pia upana wa vyumba vya kale ulikatwa kwa urefu wa mkoko wa Afrika ya Mashariki. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Ndani ya nyumba hizo hamkuwa na fujo ya vitu. Mkeka wa miyaa wenye milia ya rangi, jamvi chini, kitanda cha kamba, kasha la mbao, mtungi wa maji pembeni na kata ya kifuu juu yake. Mtu akiingia kutoka kwenye jua kali alipokewa na kivuli na harufu ya udi, na moyo wake ukatulia kabla hajatoa salamu. Sisi tuliosoma chuoni tukikaa juu ya jamvi twaijua alama ya ukili ikichorwa katika magoti. Haikutuua. Na mpaka leo pua zetu zikisikia harufu ya mkeka mpya, akili hukaa tayari kusoma.

Leo Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja tangu 2000. Wageni wamenunua nyumba za Shela, wakazifufua kwa chokaa na boriti, na kukodisha vyumba kwa bei ambayo mjukuu wa aliyeijenga nyumba hawezi kulala hata usiku mmoja. Mjukuu mwenyewe amehamia nyumba ya matofali ya saruji yenye bati lisilo na dari. Mchana hawezi kukaa ndani, na usiku panka humla umeme. Simlaumu mgeni, alikiona kitu kizuri akakilipia. Ninalouliza ni hili: macho yetu yalikuwa wapi?

Na balaa kubwa ni pale tunapotaka kuzirekebisha nyumba za kale kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Maji yaingiayo kutoka ardhini hupata njia ya kutokea. Ukiupaka saruji umeufunga pua. Maji hubaki ndani, chumvi huchimba, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na nyama ya ukuta. Kisha twasema nyumba za wazee zimechakaa.

"NYUMBA YA KUDUMU"

Kuna neno moja ambalo limetuharibia sana, nalo ni hili la nyumba ya kudumu. Watu husema fulani amejenga nyumba ya kudumu wakimaanisha mawe, saruji na bati. Na aliye na nyumba ya udongo huonekana kama msafiri aliyepiga kambi, hata kama babu yake alizikwa hapo hapo.

Lakini tuhesabu. Saruji ya Portland ilipewa hati yake Uingereza mwaka 1824. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa katika miaka ya 1950, nacho kiliitengeneza kwa mawe ya matumbawe ya kale, yale yale ambayo wazee wetu waliyachoma wakapata chokaa. Kwa upande wa pili, Gedi ilihamwa yapata karne ya 17, ikamezwa na msitu, na kuta zake za matumbawe na chokaa zingali zimesimama hata zikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024. Basi ni ipi iliyodumu?

Najua lililofichwa chini ya neno hilo. Ni haya ya umaskini. Mzazi aliyelelewa katika nyumba ya udongo hataki mwanawe achekwe shuleni. Haya hiyo ni kitu cha kweli, na mwandishi anayekaa juu ya kiti chake akawahubiria maskini uzuri wa udongo anastahili kuulizwa yeye mwenyewe analala wapi.

Mmisri Hassan Fathy alilijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1940 alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, kuba na matao, kazi ambayo mpaka leo husomeshwa katika vyuo vya ulimwengu. Lakini wengi katika wale waliojengewa walikataa kuhamia. Wengine waliziona kuba zile kama makaburi, na wengine hawakutaka kuyaacha maisha na riziki za kijiji chao cha kale. Uzuri uliotoka juu haukuteremka mioyoni.

Francis Kéré wa Burkina Faso alishika njia nyingine. Alipotaka kujenga shule kijijini kwao Gando, iliyomalizika mwaka 2001, wanakijiji walimshangaa: mwana tuliyempeleka Ujerumani kusoma anatuletea udongo? Hakuwabishia kwa maneno. Aliwafanya wao wenyewe kuwa mafundi, akauchanganya udongo na saruji kidogo, akaukandamiza ukawa matofali magumu, akajenga dari ya udongo, kisha bati akaliinua juu mbali na dari ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake kwa kazi ya ujenzi. Na kazi yake moja iko hapa hapa Kenya, chuo cha vijana kando ya Ziwa Turkana, kilichojengwa kwa mawe ya huko, na minara yake ya kutolea hewa ikafuata mfano wa vichuguu vya mchwa.

Angalieni kwamba bati halikutupwa, wala saruji haikulaaniwa. Kila kimoja kilipewa kazi inayokifaa. Huo ndio usasa ninaoutaka mimi. Simwambii mtu azime umeme, avunje bomba la maji na kurudi kuishi kama mwaka 1750.

MASHAKA YA HAKI

Kuna watakaonipinga, na baadhi yao wana haki.

Wa kwanza atasema kwamba vya asili navyo huua. Ni kweli. Moshi wa kuni ni wa asili, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Asibesto nayo ni jiwe lililotoka ardhini, na vumbi lake ni saratani. Lile jiko la mzee wa Sachangwan lilinipasha joto na likanitoa machozi. Mkewe alikuwa akikohoa usiku kucha. Nyumba ile ingekuwa njema maradufu kama ingekuwa na dohani ya kuutoa moshi nje.

Wa pili atauliza, miti itatoka wapi? Hili ndilo swali zito. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau na kuzigawa, na Mau ndio mama wa mito ya Mara, Sondu, Njoro na Molo. Waogiek, wenyeji wa msitu ule walioishi kwa asali yake, walilazimika kwenda Arusha kudai haki yao, na mahakama ya Afrika ikawapa hukumu mwaka 2017. Mwaka 2018 ukataji katika misitu ya umma ulipigwa marufuku. Mwaka 2023 Rais akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, na mabishano yakafika mahakamani. Nasi wa pwani, ambao Lamu yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hatuna ruhusa ya kuimaliza kwa jina la utamaduni. Kitu hakiwi halali kwa kuwa ni cha asili. Mutarakwa ulioibwa msituni ni mwizi aliyesimama sebuleni mwako.

Jibu lipo, nalo liko mashambani. Huku kwetu mvinje hupandwa na kukatwa kwa miaka michache, na ndio uliochukua kazi nyingi za boriti. Mwembe uliokoma kuzaa, mnazi uliozeeka na mwarobaini uliojaa kila uani hutoa mbao nzuri, na wachongaji wengi wa vinyago wamekwisha kuhamia mwarobaini. Huko bara kuna saipresi na mikaratusi ya wakulima wenyewe. Na udongo, chokaa, mawe, ukindu na sufu havihitaji kukatiwa msitu, mradi tanuri la chokaa lilishwe kuni za kupandwa.

Wa tatu atasema makuti huungua. Na huungua kweli, tena mtaa mzima. Kwa hiyo makuti yawe mahali penye nafasi, si katika mitaa iliyobanana. Wala asiyapeleke makuti Sachangwan ati kwa sababu aliyapenda Malindi! Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huona picha ya nyumba ya Lamu wakaibeba kiwanda na madaka mpaka Molo, wakapigwa na baridi mpaka mifupani. Tunachopaswa kuiga ni swali walilouliza wazee wetu: hapa nilipo pana nini, na jua na upepo wa hapa vinataka nini?

NENO LA DINI

Sura ya An-Nahl, katika aya yake ya 80, huzitaja nyumba kuwa ni neema ya utulivu, kisha hutaja ngozi, sufu, manyoya na nywele za wanyama kuwa ni vifaa na starehe kwa muda. Tangu nilipoifahamu aya hiyo nimekuwa nikiyafikiri mambo mawili. La kwanza ni utulivu. Hiyo ndiyo kazi ya nyumba, na nyumba isiyomtuliza mwenyewe haijatimiza kazi yake hata ikiwa na nguzo za marumaru. La pili ni kwamba starehe yenyewe imewekewa muda. Sisi na nyumba zetu za kudumu tu wapita njia.

Na kama ni hivyo, deni lichukuliwalo ili jirani ashangae limesimama wapi? Nimewajua watu waliouza shamba la minazi wakanunua makochi, na makochi yamekwisha kuchanika ilhali shamba halirudi. Israfu haianzi kwa tajiri peke yake. Huanza pale mtu anaponunua macho ya watu wengine.

LIFANYIKE NINI

Sitaki kumwacha msomaji na maneno matupu. Aliye na nyumba ya mawe ya kale na atengeneze kwa chokaa, na kama fundi hajui, amtafute mzee ajuaye kabla mzee huyo hajatangulia. Ajengaye nyumba mpya pwani, ainue bati, aweke dari ya mbao au ya mikeka chini yake, aache upepo upite, na madirisha makubwa asiyaelekeze magharibi. Aliye bara kwenye baridi aweke sakafu ya mbao au zulia la sufu, dari ya mbao, madirisha ya kupokea jua la asubuhi, na jiko lenye dohani katikati ya nyumba; na ukuta wa mbao ulio karibu na moto aukandike udongo.

Mabibi wasiwaache binti zao bila ya kuwafunza kusuka ukili. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo kina mama wa bara huvitandaza juu ya viti, na ambavyo vijana wa mjini huvicheka, navyo ni kazi ya mkono na ya pamba, visichekwe. Serikali za kaunti, kwa upande wao, zingeweza kuyafundisha mafunzo ya chokaa na udongo katika vyuo vya ufundi pamoja na ya saruji, na kununua viti na mikeka ya ofisi zake kwa mafundi wa kwao.

Kila mtu anaweza kuanza na kimoja. Toa zulia la plastiki katika chumba kimoja, tandika mkeka, paka ukuta chokaa, kisha kaa hapo jioni na watu wako. Wakihamia humo wenyewe bila ya kuitwa, utakuwa umejua kilichokuwa kikikosekana.

Na kwa kuwa desturi ya ukurasa huu ni kuagana kwa ubeti, nami naaga kwa huu:

Nyumba ni utu wa ndani, si kung'ara kwa ukuta,
Mbao, sufu na majani, vya kwenu hutavijuta,
Usikope madukani, deni likakukamata,
Mbacha ungali nyumbani, msala umeshapita.